Gakaara wa Wanjau na hadithi iliyomwachia msomaji hukumu

Kila muhula unapokaribia mwisho, walimu wa fasihi katika shule zetu huwatungia wanafunzi swali ambalo halijabadilika kwa miaka mingi. Mwanafunzi huambiwa ataje ujumbe wa mwandishi, naye huorodhesha: ufisadi ni mbaya, elimu ni taa, mapenzi ya fedha huvunja nyumba. Alama hutolewa na daftari hufungwa. Jambo moja hubaki bila kuulizwa, nalo ni namna msomaji alivyofikishwa kwenye ujumbe huo. Aliamrishwa? Alibembelezwa? Au alivutwa hatua kwa hatua hata akadhani kwamba fikira ile ilizaliwa kichwani mwake mwenyewe?

Swali hili si dogo. Mtu anayeweza kukufanya uamini jambo bila kukuamuru ana nguvu kuliko mwenye rungu, na inafaa kijana aijue nguvu hiyo kabla haijamtumia. Leo ningependa kuwakumbusha wasomaji maisha ya mtu mmoja wa Nyeri ambaye aliijua, akaitumia, akafungwa kwa ajili yake, na akaishi hadi uzeeni akiendelea kuitumia. Mtu huyo ni Gakaara wa Wanjau.

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 katika eneo la Tumutumu, karibu na mji wa Karatina, pale ambapo wamishenari wa Kanisa la Scotland walikuwa wamejenga kanisa, shule na hospitali. Babake alikuwa mchungaji katika kanisa hilo. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia katikati ya mikondo miwili ya usimulizi. Nje ya misheni kulikuwa na hadithi za jioni kando ya moto, zenye majitu walao watu na wasichana werevu walioponyoka. Ndani ya misheni kulikuwa na Biblia, ambayo nayo imejaa visa.

Mtoto wa mchungaji hangeweza kukosa kukijua kisa cha nabii Nathani na mfalme Daudi. Mfalme alikuwa amemtwaa mke wa askari wake na kupanga njama ya kumwangamiza askari huyo vitani. Nathani hakwenda kumshutumu. Alimpelekea habari ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee ili amchinjie mgeni. Mfalme alighadhibika, akatamka kwamba mtu yule anastahili kufa. Hapo ndipo nabii alipomfahamisha kwamba mtu yule alikuwa yeye. Waama, hakuna somo la ushawishi lililo fupi na kamili kuliko hilo. Laiti Nathani angeanza kwa lawama, mfalme angejitetea. Kwa kuwa alianza kwa hadithi, mfalme alijihukumu kwa kinywa chake.

Baada ya masomo ya Tumutumu, Gakaara alijiunga na shule ya upili ya Alliance, iliyokuwa kilele cha elimu ya Waafrika wa Kenya wakati huo. Hakuimaliza. Mwaka 1940 alifukuzwa kufuatia mgomo wa wanafunzi, na akaingia jeshini wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuwa ikipamba moto. Baadaye alifanya kazi katika Bonde la Ufa, nchi ya mashamba makubwa ya walowezi, ambako maelfu ya watu kutoka Nyeri, Murang'a na Kiambu waliishi kama vibarua kwenye ardhi isiyokuwa yao.

Ni katika miaka hiyo ya baada ya vita ndipo alipoanza kuandika vitabu. Cha kwanza kilitoka mwaka 1946 kwa lugha ya Kikuyu, kikiitwa Uhoro wa Ugurani, maana yake habari za kuoana. Kilikuwa kitabu kidogo kilichoshughulikia ndoa na mahari. Pamoja na wenzake aliunda shirika la kuchapisha maandishi ya Waafrika, kwa kuwa wachapishaji wa misheni na wa serikali walikuwa na vipimo vyao vya kile kilichofaa kusomwa na mwenyeji.

Tutafakari kidogo juu ya mada hiyo ya kwanza. Kijana aliyerudi kutoka vitani mwaka 1946 alikuwa na mengi ya kulalamikia: ardhi, kipande, mishahara, ubaguzi. Kwa nini basi aanze na mahari? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu mahari yalikuwa mlangoni pa kila msomaji. Fedha ilikuwa imeingia katika mila, na kile kilichokuwa kifungo cha undugu baina ya koo mbili kilikuwa kimeanza kunukia biashara. Kila mzazi mwenye binti na kila kijana mwenye mchumba alikuwa mhusika wa jambo hilo kabla hajafungua ukurasa wa kwanza.

Mwandishi anayetaka kumhimiza mzazi apunguze mahari anaweza kutoa hotuba. Mzazi ataisikiliza, atatikisa kichwa, kisha atauliza ni nani atakayemrudishia gharama zake. Lakini mwandishi akimleta mbele yake msichana mwenye jina na sura, akamweka kando yake kijana asiye na kitu ila mapenzi na mikono ya kazi, halafu akamruhusu baba wa msichana aseme maneno yaleyale ambayo msomaji amewahi kuyasema nyumbani kwake, basi msomaji hujikuta upande wa vijana na dhidi ya baba. Atakapotambua kwamba baba huyo ni yeye, atakuwa amekwisha kutoa hukumu, kama alivyofanya mfalme Daudi.

Hadithi haishindani na hoja za msomaji. Huzipita kando, ikaenda kukaa na huruma yake, na huruma ikishapata upande, akili hufuata nyuma ikitafuta sababu.

Gakaara hakuitegemea hadithi peke yake. Mwaka 1948 alitoa kijitabu kwa Kiswahili kilichoitwa Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, ambacho ndani yake alisema wazi juu ya dhuluma walizotendewa wafanyakazi na kuwahimiza Waafrika wajisimamie. Alichagua Kiswahili, lugha iliyoweza kumfikia kibarua wa kabila lolote katika mashamba na miji ya Bonde la Ufa. Huo haukuwa wakati wa mafumbo, na wala hatumlaumu kwa kuacha mafumbo. Ipo siku ya kusimulia na ipo siku ya kusema. Mwandishi mwenye busara huzipambanua siku hizo.

Ulipofika mwaka 1952, nchi ilikuwa imeshika moto. Gakaara alichapisha nyimbo za ukombozi na pia andiko fupi lililokuja kujulikana sana, yaani Witikio wa Gikuyu na Mumbi. Lilikuwa imani iliyotungwa kwa umbo la ile Imani ya Mitume inayokaririwa makanisani, ila yaliyokiriwa humo yalikuwa mambo ya watu wa Gikuyu na Mumbi, ardhi yao na kiongozi wao Jomo Kenyatta. Hapa tunaona tena mtoto wa mchungaji. Aliyafahamu maneno ambayo kila muumini alikuwa ameyahifadhi tangu utotoni, akalichukua umbo lake na kulitia moyo mwingine. Msomaji hakuhitaji kufundishwa namna ya kuyasema. Ulimi wake uliijua njia tayari.

Serikali ya kikoloni ilielewa vyema nguvu ya jambo hilo. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, Gakaara alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kukamatwa, pamoja na Kenyatta na viongozi wengine wengi. Yeye hakuwa jemadari wala hakuwa na bunduki. Kosa lake lilikuwa kalamu. Alizungushwa kambi baada ya kambi kwa karibu kipindi chote cha Hali ya Hatari.

Mojawapo ya kambi hizo ilikuwa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu. Msomaji wa Kiswahili hawezi kupita hapo bila kusita. Funguvisiwa la Lamu ndilo lililotuzalia Mwana Kupona, ambaye katika karne ya 19 alimwusia bintiye kwa utenzi, na ndilo lililomzaa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyeushawishi moyo wake uachane na anasa za dunia kwa kuuonyesha magofu ya Pate. Kisiwa cha Manda chenyewe kina magofu ya mji wa Takwa, msikiti ukisimama bila waumini. Wakoloni walimtoa mwandishi kutoka vilima vya Nyeri ili anyamaze, wakampeleka katika nchi ambayo kwa karne nyingi imekuwa ikifundisha watu kwa masimulizi.

Ni haki pia tukumbuke kwamba upande wa pili haukukaa bure. Wakati Gakaara na wenzake wakiwa nyuma ya seng'enge, riwaya za Kiingereza kuhusu Mau Mau zilikuwa zikisomwa London na New York. Elspeth Huxley, aliyekulia Kenya katika familia ya walowezi, alitoa A Thing to Love mwaka 1954. Robert Ruark, Mmarekani, alitoa Something of Value mwaka 1955, na miaka miwili baadaye ikageuzwa kuwa filamu. Wasomaji wa ng'ambo ambao hawakuwahi kuiona Nyeri walipata kuijua vita yetu kupitia macho ya wahusika wa kizungu waliotetemeka usiku nyumbani mwao. Walimhurumia yule waliyepewa nafasi ya kuingia moyoni mwake. Yule aliyebaki gizani nje ya dirisha, bila jina na bila mama, walimwogopa.

Hili ndilo ambalo ningependa walimu walitilie mkazo. Chombo kilichotumiwa na Gakaara ndicho kilichotumiwa na Ruark. Hadithi haina dini. Humtumikia mdhulumiwa na mdhalimu kwa uaminifu uleule, na wala haimwambii msomaji ni nani aliyeituma. Anayetaka kujua kama ametendewa haki na mwandishi hana budi kuhesabu: nani amepewa moyo katika kisa hiki, na nani amepewa kivuli tu?

Kambini kwenyewe hadithi zilikuwa silaha ya kila siku. Walinzi wa fikira katika kambi kama ile ya Athi River walitaka kila mahabusu akiri, yaani asimulie maisha yake upya kwa mpangilio walioutaka wao: alidanganywa, akala kiapo, akatubu, akaokoka. Aliyekubali kusimulia hivyo alisogea karibu na nyumbani. Aliyekataa alirudishwa nyuma. Ni nadra kuona wazi kiasi hicho jinsi ushindani wa kisiasa unavyoweza kuwa ushindani juu ya nani atasimulia maisha ya mtu, na kwa mwisho gani. Gakaara alikuwa na jibu la kimyakimya. Aliandika kwa siri habari za siku zake mwenyewe, na kumbukumbu hizo akazitunza.

Alipoachiliwa hakuiacha kazi yake. Alirudi katika uchapishaji, na hatimaye akaweka kiwanda chake Karatina, mji wa soko, ambako kina mama hushusha viazi na kabeji alfajiri, na magari ya kwenda Nyeri, Nanyuki na Kerugoya hupakia abiria. Katika jarida lake la Gikuyu na Mumbi alimzaa Wa-Nduuta, mhusika wa kuchekesha ambaye visa vyake viliendelea toleo baada ya toleo na baadaye vikatoka kama vijitabu.

Wa-Nduuta anatufundisha upande mwingine wa ushawishi. Kicheko hufungua milango ambayo huruma haiwezi kuifungua. Mtu anayecheka hajilindi. Katikati ya vituko huweza kupenya lawama juu ya majivuno, ulafi, tamaa ya mji au unafiki wa wakubwa, na msomaji akaipokea kwa meno nje. Tena hadithi ya mfululizo ina faida ya pekee. Mhusika akirudi kila mara huwa kama jirani, na ushauri wa jirani huingia polepole kama mvua ya manyunyu ya mwezi wa saba katika miteremko ya Mlima Kenya, ambayo haimwangushi mtu lakini mwishowe humlowesha.

Mwaka 1983, miaka 31 baada ya kukamatwa, kumbukumbu za kizuizini zilitolewa kama kitabu kwa Kikuyu, Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika, pamoja na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1988. Mtu wa Karatina, aliyeandika kwa lugha ya mama na kuchapisha vijitabu vya bei nafuu, alikuwa amesimama mbele ya bara zima.

Kitabu hicho si hadithi ya kubuni, lakini mbinu zake ni za mtu aliyezoea kubuni. Hakimsukumi msomaji alaani ukoloni. Kinaorodhesha siku, chakula, barua, magonjwa, mabishano ya mahabusu na uonevu wa walinzi, kisha kinamwacha msomaji ajumlishe. Kati ya yote aliyoandika, naona hiki ndicho chenye nguvu kuliko vyote, kwa kuwa ndani yake mwandishi amemwamini msomaji wake kabisa.

Uhuru haukuondoa hofu ya wenye mamlaka. Mwaka 1986, wakati wa msako dhidi ya kundi la Mwakenya, Gakaara alikamatwa tena, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60. Bendera ilikuwa imebadilika, ila kalamu ilitazamwa kwa jicho lilelile. Aliendelea na kazi hata hivyo, akiwatungia watoto na watu wazima vitabu vya lugha na kutetea uandishi sahihi wa Kikuyu, hadi alipofariki mwaka 2001.

Haitakuwa uaminifu nikimaliza kwa kumsifu tu. Kanuni niliyoitaja juu ya Ruark lazima imguse na Gakaara. Kile kijitabu cha mwaka 1948 kilimwita Mwafrika kwenye roho ya kiume, na jina hilo peke yake linatuonyesha ni nani aliyekuwa akisemeshwa. Mjadala wa mahari nao, katika kizazi chake, uliendeshwa zaidi na wanaume, juu ya wanawake. Mwanafunzi wa kike wa leo, katika shule ya Mathira au Mukurwe-ini, ana haki ya kuuliza kisa cha aina hiyo kingekuwaje iwapo msichana ndiye angekuwa msimulizi. Na ile Imani ya mwaka 1952, pamoja na ushujaa wake, ilikuwa na kasoro ambayo hadithi zake hazikuwa nayo: anayekariri imani haulizi swali. Alipoandika hadithi, Gakaara alimwachia msomaji hukumu. Alipoandika imani, alimpa hukumu iliyokwisha kuandikwa. Najua nyakati zilikuwa za vita, na ni rahisi kwangu kupima maneno nikiwa nimeketi mezani kwa amani. Hata hivyo tofauti hiyo ipo, na mwalimu asiwafiche wanafunzi wake.

Nirejee basi kwenye lile swali la mtihani. Sipendekezi lifutwe. Napendekeza liongezewe mengine matatu. Mwandishi amekufanya umpende nani, na kwa kutumia kitu gani? Nani katika kisa hiki hakupewa nafasi ya kusema? Na je, hukumu uliyofikia ni yako, au ulikabidhiwa? Mwanafunzi anayeweza kuyajibu hayo kuhusu riwaya ataweza kuyajibu kuhusu hotuba ya mwanasiasa jukwaani, tangazo la biashara redioni na habari zinazozagaa katika simu yake ya mkononi. Mambo hayo yote siku hizi huja yakiwa yamevaa nguo za hadithi: mama mgonjwa, kijana aliyetajirika ghafla, kabila fulani lililokula njama. Nchi yetu imewahi kumwaga damu kwa sababu ya visa vya aina hiyo vilivyoaminiwa bila kuhojiwa.

Kwa walimu wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki na miji yote inayouzunguka mlima, nina ombi la ziada. Maduka ya vitabu katika miji hiyo hujaa vitabu vya kiada mwanzoni mwa kila mwaka, na mara nyingi ni vigumu kupata humo hadithi moja ya mtu aliyezaliwa kilomita chache kutoka hapo. Watafuteni wazee wenye vijitabu vya zamani masandukuni. Wasomeeni watoto kisa kimoja cha Wa-Nduuta katika lugha kilichoandikiwa, kisha waambieni wakisimulie upya kwa Kiswahili mbele ya darasa, na wanapocheka wasimamisheni kidogo. Waulizeni wanamcheka nani.

Akiwepo mmoja atakayenyamaza na kuinamisha kichwa, ajapo kwa nukta moja tu, mwalimu atajua kwamba yule mzee wa Karatina bado anafanya kazi yake.